Fomu ya ridhaa ya jaribio la chanjo: jibu kwa mwalimu wa Korogwe

Swali: "Nafundisha Kiswahili sekondari, hapa Korogwe. Kituo cha utafiti kimeniomba nitafsiri fomu ya ridhaa itakayosomwa na wazazi ambao watoto wao wataalikwa kwenye jaribio la chanjo. Kiingereza nakijua na Kiswahili ndiyo kazi yangu, lakini nimekwama ukurasa wa pili. Kuna plasibo, kuna kugawa watoto kwa nasibu, kuna 'upofu' wa pande mbili, kuna matukio mabaya na matukio makali ambayo mimi naona ni kitu kimoja, halafu kuna asilimia za ufanisi. Kamusi inanipa istilahi, ila nikimsomea mke wangu ananiuliza nimesema nini. Nifuate istilahi sanifu au nieleze kwa maneno ya kawaida? Na mahali nisipoelewa mimi mwenyewe, nimuulize nani?"

Jibu:

Mwalimu, mkeo ameshajibu nusu ya swali lako. Fomu ya ridhaa inaandikwa kwa ajili ya mama mwenye mtoto mgongoni ambaye, akishasikia yaliyomo, anatakiwa aseme ndiyo au hapana, na hapana yake iheshimiwe. Istilahi inayoeleweka kwake itumie bila wasiwasi: chanjo, kinga, vimelea, sampuli, maabara. Isiyoeleweka iache, kisha uandike kitakachofanyika: nani atamfanyia mtoto nini, lini, kwa kiasi gani, na mzazi akikataa itakuwaje. Kazi ya BAKITA na ya watunga kamusi naiheshimu sana na ninaitumia kila wiki, ila mahali pake ni kwenye itifaki (hati ya mpango mzima wa utafiti), ripoti na mihadhara. Hakuna mzazi anayepaswa kufungua kamusi ili ajue mwanawe atachomwa nini.

Nianze na plasibo, maana hapo ndipo wengi huteleza. Katika tafsiri nyingi utaikuta imeandikwa "dawa bandia". Kwa Mtanzania wa leo dawa bandia ni ile inayokamatwa madukani na TMDA, mamlaka ya dawa ya serikali, na kuteketezwa. Ni uhalifu. Ukimwandikia mzazi kwamba baadhi ya watoto watapewa dawa bandia, umemwambia kwamba watoto hao watadhulumiwa, naye akiondoka hutakuwa na haki ya kumlaumu. "Dawa isiyo na nguvu" nayo haisaidii, kwa sababu mtu anawaza dawa iliyopitwa na muda. Andika kilichomo: sindano ya maji ya chumvi ambayo ndani yake hamna chanjo, au kidonge kinachofanana na dawa lakini hakina dawa. Ukitaka neno fupi la kurudia kurasa zinazofuata, lieleze hivyo mara ya kwanza, halafu "plasibo" itakubalika.

Lakini kabla ya kuandika lolote, soma itifaki uone kundi la pili linapewa nini hasa. Katika majaribio ya chanjo za watoto mara nyingi halipewi maji matupu. Jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S, lililofanyika kati ya 2009 na 2014, liliandikisha watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, na Korogwe yako ilikuwa mojawapo pamoja na Bagamoyo, na kwa Kenya Kilifi, Siaya na Kombewa. Watoto wa miezi 5 hadi 17 walioangukia kundi la kulinganishia walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa. Wachanga wa wiki 6 hadi 12 walipewa chanjo ya homa ya uti wa mgongo aina ya C. Chanjo nyingine ya malaria, R21, ilipojaribiwa baadaye, Bagamoyo na Kilifi zikiwemo, kundi la kulinganishia nalo lilipata ya kichaa cha mbwa. Sasa fikiria mtafsiri aliyeandika "plasibo" kila mahali kwa mazoea. Amemwambia mzazi uongo kuhusu kitu kilichoingia kwenye paja la mtoto wake.

Na ukiandika ukweli, kwamba watoto wengine watapata chanjo ya kichaa cha mbwa, mzazi atauliza mara moja: kwani mtoto wangu kaumwa na mbwa? Jibu liwepo palepale, sentensi mbili tu. Watoto wa makundi yote wanachomwa sindano kwa namna ileile ili walinganishwe kwa haki, na wale wasiopata chanjo inayochunguzwa nao wapate chanjo nyingine yenye faida kwao. Kundi lenyewe liite "kundi la kulinganishia". "Kundi la udhibiti" halina maana kwa msomaji wa kawaida, na lenye maana kidogo linatisha, kana kwamba kuna watu watadhibitiwa. Kiingereza pia huita kila kundi "mkono" wa utafiti. Nimewahi kusoma fomu iliyosema mtoto "atawekwa kwenye mkono wa pili", na nina hakika mama aliyesomewa alidhani ni habari ya mahali pa kuchoma sindano.

Kuhusu kugawa kwa nasibu, epuka "bahati nasibu". Watu wanaijua: ina tiketi, ina mshindi na ina aliyekula hasara, kwa hiyo mzazi ataondoka akidhani kuna kundi la washindi. "Kupiga kura" nako kunaleta uchaguzi na kampeni. Mimi huandika hivi: "Kompyuta ndiyo itakayopanga mtoto aingie kundi gani. Daktari hachagui, muuguzi hachagui, na wewe mzazi huchagui." Wengine huongeza mfano wa kurusha shilingi, nao ni mzuri ikiwa makundi ni mawili na yako sawa. Lakini kwenye jaribio la R21 kila mtoto mmoja wa kundi la kulinganishia alikuwa na wenzake wawili wa kundi la chanjo. Hapo shilingi inadanganya, na maneno "nafasi sawa" pia yanadanganya. Sema: "Katika kila watoto 3, watoto 2 watapata chanjo ya malaria na 1 atapata chanjo nyingine." Uwiano huo utauona kwenye itifaki. Usiukisie.

Ule "upofu wa pande mbili" utupe kabisa. Hakuna kipofu hapa, na kama utafiti ungekuwa wa macho ungeleta taharuki. Andika: "Mpaka utafiti utakapokwisha, wewe hutajua mtoto amepata chanjo ipi, na daktari anayemwangalia hatajua pia." Usikomee hapo, kwa sababu kufichwa jambo bila kupewa sababu huzaa uvumi. Eleza kwamba daktari akijua anaweza bila kukusudia kumwangalia mtoto mmoja kwa makini kuliko mwingine, na mzazi akijua anaweza kulegeza chandarua. Eleza pia kwamba kumbukumbu ya nani kapata nini imehifadhiwa, na ikitokea dharura ambayo matibabu yake yanahitaji kujua, itafunguliwa. Sentensi hii ya mwisho mara nyingi imo kwenye fomu ya Kiingereza lakini imefichwa mbali, karibu na mambo ya sheria. Omba ruhusa uisogeze.

Sasa tuje kwenye matukio, maana hapa swali lako ni la msingi kuliko ulivyodhani. Kuna mambo matatu, na Kiswahili chetu cha hospitali huyaweka yote chini ya neno "madhara".

La kwanza ni tukio lolote la kiafya linalompata mshiriki baada ya kupewa chanjo au dawa, liwe limesababishwa nayo au la. Mtoto akimwagikiwa na uji wa moto wiki ya pili, hilo ni tukio na linaandikwa. Ukiliita "madhara ya chanjo", mama hataripoti, kwa sababu anajua wazi kwamba chanjo haikumwaga uji. Atachuja yeye mwenyewe kabla ya watafiti kuona chochote, na akikosea kuchuja jambo la maana, hakuna atakayejua. Mwandikie waziwazi: "Tuambie kila kitu kitakachompata mtoto, hata kama unaamini hakihusiani na chanjo." Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko istilahi yoyote utakayoitafuta.

La pili ni yale yanayodhaniwa kusababishwa na chanjo yenyewe. Wauguzi wa kliniki zetu wana msemo mzuri kwa yale mepesi: maudhi madogo madogo. Kina mama wameusikia kwenye uzazi wa mpango na kwenye chanjo za kawaida, na wanajua unahusu uvimbe wa mahali pa sindano, joto la usiku mmoja, mtoto kulialia. Utumie. Ila usiutumie kwa jambo kubwa ili lionekane dogo. Kama itifaki inasema chanjo hiyo iliwahi kuhusishwa na degedege, degedege haliwi udhi dogo kwa sababu tu tunataka wazazi wengi wajiunge.

La tatu ni hiyo tofauti ya "baya" na "kali". Katika lugha ya utafiti kuna neno linalopima ukali wa dalili: maumivu kidogo, ya wastani, makali. Na kuna neno jingine linalotaja uzito wa matokeo, lenye vigezo vyake: mtu amefariki, maisha yake yamekuwa hatarini, amelazwa au muda wake wa kulazwa umeongezeka, amebaki na ulemavu, au mtoto amezaliwa na kasoro. Kichwa kinaweza kuuma vikali sana, mtu akalala akaamka mzima. Hilo ni tukio kali lisilo zito. Mtoto anaweza kuonekana mchangamfu lakini akalazwa usiku mmoja aangaliwe. Hilo ni zito ingawa halikuwa kali. La uzito huarifiwa mara moja kwa wenye dhamana ya utafiti, kwa kawaida ndani ya saa 24. Mimi hutumia "kali" kwa ukali na "tukio zito" kwa uzito, na mara ya kwanza naorodhesha vile vigezo kwa maneno ya kawaida. Ukipenda jozi nyingine ya maneno, sawa, mradi usiyabadilishe katikati ya hati. Mwandishi wa insha hukwepa kurudia neno. Mtafsiri wa fomu hii arudie neno lilelile mpaka achoke.

Kuna maneno ambayo hayatakusimamisha hata kidogo kwa sababu unayajua tangu utotoni, nayo ndiyo ninayoyahofia zaidi.

"Homa" ni mojawapo. Kwa wengine ni joto la mwili, kwa wengine ni malaria yenyewe, na kwa Wakenya wengi ni mafua. Mama akiulizwa kama mtoto amepata homa anaweza kujibu hapana huku mtoto anawaka, kwa kuwa amepimwa na hana malaria. Itifaki inataka kipimo. Katika utafiti wa RTS,S mtoto alihesabiwa kuwa na malaria ikiwa joto la kwapani lilikuwa nyuzi 37.5 au zaidi na vimelea kwenye damu vilizidi 5,000 kwa kila maikrolita. Kwa hiyo andika "mwili kuwa wa moto", taja nyuzi, na eleza kipimajoto kiwekwe wapi. "Degedege" nalo kila mama analijua, na huo ni utajiri, ila kwa familia nyingi za pwani na bara yake lina asili ya kishetani na mtoto hupelekwa kwa mganga kwanza. Litumie, kisha taja dalili zenyewe: mwili kukakamaa, mikono na miguu kutupatupa, macho kugeuka juu. Na palepale sema mtoto aletwe kituoni saa ileile.

"Dozi" inahitaji uangalifu wa pekee. Kwenye chanjo dozi ni sindano moja, na hapo hamna shida. Kwenye vidonge, Mtanzania akisema amemaliza dozi ana maana ya matibabu yote. Dawa ya mseto ya malaria kwa mtu mzima ni vidonge 24, vinne vinne mara 6 kwa siku 3. Mtafiti anayeita kila mara moja ya hizo 6 dozi, na mgonjwa anayeita vyote 24 dozi, wataelewana vibaya siku watakapoulizana nani amekosa dozi. Kwa vidonge andika "kila mara unapomeza" au "mkupuo". Fomu yako ni ya chanjo, lakini mtoto akiugua malaria katikati ya utafiti atapewa mseto, na maelekezo yake yatakuja mezani kwako pia.

Halafu saa. Fomu ya Kiingereza ikisema 8:00 asubuhi, kwetu ni saa 2 asubuhi. Hilo unalijua, na utalikosea saa tano usiku ukiwa umechoka, hasa kwenye kadi ambayo mzazi anajaza joto la mtoto jioni ya siku aliyochanjwa. Saa zote zipitie mara moja, peke yake, ukiwa umemaliza mengine yote.

Kwenye damu nakuomba uende taratibu. "Utaombwa kutoa damu" inasikika kama kuchangia benki ya damu. Na eneo lenu, kama pwani yote, lina kumbukumbu ndefu ya mumiani, ule uvumi wa watu wanaonyonya damu za wenzao, uliokuwepo tangu ukoloni na haujafa. Usiucheke, na usijaribu kuuzuia kwa kupunguza maelezo, maana maelezo pungufu ndiyo chakula chake. Taja kiasi na kipimo cha nyumbani: mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Taja itachukuliwa mara ngapi, kutoka wapi, itapimwa nini, itahifadhiwa wapi na kwa muda gani, na kama itasafirishwa nje ya nchi liseme bila kuzunguka. Epuka pia kusema "uchunguzi" bila kufafanua. Neno hilo hospitalini ni kupimwa ili ujue unaumwa nini, na kwenye utafiti ni kutafuta jibu la swali la wanasayansi. Mzazi akichukuliwa damu ya mtoto "kwa uchunguzi" atarudi kesho kudai majibu, na ana haki. Mwambie mapema vipimo vipi atapewa majibu yake na vipi hatapewa.

Hili la damu linagusa jambo pana zaidi. Watu wengi wanaojiunga na utafiti wanaamini wamekuja kutibiwa. Kituo kina madaktari, kina dawa, hakina foleni ndefu. Kwa nini wasiamini? Utafiti hufanywa ili kujua jambo ambalo bado halijulikani, na mtafsiri anaweza kulififisha hilo bila kukusudia. Mfano ni kitenzi "kuweza". "Chanjo hii inaweza kumkinga mtoto wako": mwandishi wa Kiingereza alikuwa na maana ya huenda, lakini mama anasikia kwamba ina uwezo huo. Andika "Hatujui kama chanjo hii itamkinga mtoto wako, utafiti huu unafanywa ili tujue." Vivyo hivyo "chanjo mpya": kwetu kipya ni kizuri kuliko cha zamani. Sema "chanjo inayofanyiwa utafiti". Neno "jaribio" baadhi ya vituo hulikwepa kwa kuogopa watu watasema wanafanywa panya wa maabara. Mimi silikwepi. Mtu anayealikwa kwenye jaribio ana haki ya kulisikia neno hilo. Hata Azimio la Helsinki, ambalo tangu 1964 limekuwa mwongozo wa madaktari wa dunia katika utafiti kwa binadamu, liliporekebishwa Oktoba 2024 liliacha neno la zamani lililomfanya mtu kuwa kitu cha kuchunguzwa na kumwita mshiriki. Kiswahili cha fomu zetu kilikuwa kimeshamwita mshiriki muda mrefu, nami nalifurahia hilo.

Asilimia za ufanisi. Mwalimu, wewe unasahihisha mitihani, kwa hiyo unajua mtu akisikia 36 kwa 100 anawaza nini: amefeli. Matokeo ya mwisho ya RTS,S, yaliyotolewa 2015, yalionyesha kwamba kwa watoto waliochanjwa wakiwa na miezi 5 hadi 17, wakapata na sindano ya nne ya kuongeza nguvu, malaria ilipungua kwa asilimia 36 katika kipindi cha takriban miaka minne. Wasiopata ya nne ilipungua kwa 28. Wengi hutafsiri kwamba watoto 36 kati ya 100 walikingwa na 64 hawakukingwa. Sivyo. Kilichohesabiwa ni matukio ya malaria: mahali ambapo watoto wasiochanjwa waliugua mara 100, idadi ileile ya waliochanjwa iliugua kama mara 64. Mtoto mmoja anaweza kuugua mara tatu kwa mwaka, ndiyo maana hesabu ni ya mara za kuugua. Ukiiweka hivyo, mzazi wa Korogwe anaona mwenyewe maana yake: safari chache za zahanati, usiku mchache wa kukesha, lakini malaria bado ipo na chandarua hakitolewi. Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021 liliangalia mzigo huo wote, wala halikuiona 36 kuwa alama ya kufeli.

Karibu na hapo kuna mtego mdogo kwenye orodha za hatari. "Madhara haya hutokea mara chache" yanaweza kueleweka kwamba mtoto wako yatampata, ila mara chache. Andika watu: "Kati ya watoto 1,000 wanaochanjwa, mtoto 1 hadi 10 wanaweza kupata hili." Idadi itoe kwenye itifaki. Na neno "awamu ya tatu" mzazi husikia sindano ya tatu. Mwambie badala yake ni watoto wangapi wameshapewa chanjo hii kabla ya wake.

Fomu nyingi zina sentensi kwamba utafiti unaweza kusitishwa kabla ya muda, na wazazi huielewa kama ishara ya balaa. Hapa mfano wa Kongo husaidia. Novemba 2018, wakati wa mlipuko wa Ebola Kivu Kaskazini na Ituri, lilianza jaribio la dawa nne kwa wagonjwa. Agosti 2019 kamati huru ya usalama ilikagua takwimu na kupendekeza dawa mbili ziachwe, kwa sababu zile nyingine mbili, mAb114 na REGN-EB3, zilikuwa wazi zinaokoa watu zaidi: vifo vilikuwa karibu 35 na 34 kati ya 100, na kwa ZMapp, mojawapo ya zilizoachwa, vilikaribia 50. Kusitisha kuliokoa maisha. Andika basi kwamba utafiti unaweza kusimamishwa kwa sababu chanjo imeonekana ina hatari, au kwa sababu imeonekana wazi inafanya kazi, au kwa sababu nyingine ambayo wazazi wataelezwa. Na kwa kuwa nimetaja Kongo: fomu yako ikija kuombwa Beni au Butembo, usikubali ipelekwe ilivyo. Kiswahili chao kimekopa Kifaransa kwa wingi na kina njia zake. Apewe mtu wa huko aiandike upya.

Yaliyobaki ni mafupi. Anayebeba dhamana ya utafiti kisheria mwite mdhamini; mfadhili ni mtoa fedha, na wakati mwingine ni watu wawili tofauti. Nauli ni "kurudishiwa nauli", wala si "fidia", kwa kuwa fidia ni ya aliyeumia, na fomu itakuwa na kifungu chake cha kuumia ambacho hakitakiwi kuchanganywa. Kuja kituoni ni hudhurio. "Ziara" ni ya waziri. Majibu ya kipimo yasiwe "chanya" na "hasi": watu huona chanya ni habari njema. Sema "ana maambukizi" au "vimelea vimeonekana". Mzazi akiamua kuacha, "amejitoa". Usimwandike kama mtoro. Utakuta pia fomu zinazoandika "idhini" badala ya "ridhaa". Idhini hutolewa na mwenye mamlaka, kwa mfano kamati ya maadili ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, inapoupitisha utafiti. Ridhaa ni ya moyo wa mzazi, na mimi hulinda tofauti hiyo.

Ukimaliza, fomu yako atapewa mtafsiri wa pili ambaye hajaona Kiingereza cha asili, airudishe kwenye Kiingereza, kisha hati mbili zilinganishwe. Utaratibu huu ni mzuri na kamati huutaka, ila usiuamini kupita kiasi. Mtafsiri wa pili akiwa mtu wa fani, akikutana na "dawa bandia" ataandika plasibo bila kusita, kwa sababu anajua ulitaka kusema nini. Karatasi italingana neno kwa neno na kosa litapita. Anayegundua ni mama. Omba kituo kikutafutie wazazi wachache wasiohusika na utafiti, wenye elimu tofauti, asomewe mmoja mmoja, halafu usimuulize kama ameelewa, maana kwa adabu atasema ndiyo. Mwombe akueleze kwa maneno yake: mtoto atafanyiwa nini, nani anachagua kundi, akitaka kuacha afanyeje. Anapokwama yeye, rekebisha wewe. Na isome kwa sauti, kwa sababu wengi watasomewa. Mzazi asiyejua kusoma anatakiwa awe na shahidi asiyekuwa mtu wa utafiti, anayesikiliza mwanzo mpaka mwisho kabla dole gumba halijawekwa. Sentensi ya mistari minne haisikilizwi na mtu yeyote.

Swali lako la mwisho: nani wa kumuuliza. Muulize mtafiti mkuu, kwa maandishi, na una haki kamili. Omba itifaki yote, usikubali kupewa fomu peke yake. Tengeneza karatasi ya maswali yenye ukurasa, sentensi na unachokiona hakieleweki, uitume kabla hujafika mwisho. Mara nyingi utakuta sentensi iliyokushinda haieleweki hata kwa Kiingereza, na swali lako litafanya hati ya asili irekebishwe, kitu ambacho watafiti wazuri hushukuru. Muulize pia muuguzi atakayeisoma fomu kwa wazazi; yeye anajua maneno yanayotumika kwenye benchi la kliniki ya Korogwe kuliko mimi na wewe. Na kama umepewa siku chache, omba ziongezwe sasa, kabla fomu haijapelekwa kwenye kamati. Ikishapigwa muhuri, kila neno utakalotaka kubadilisha litahitaji kurudishwa kwao pamoja na namba mpya ya toleo na tarehe, na wakati huo watoto watakuwa wanaandikishwa kwa fomu ya zamani.